Nchi Iliyougua Goti

Mwenye haya na azibe sikio moja, la pili aliache wazi, maana hadithi hii imetoka mbali na imekuja ikichechemea.

Ilikuwako nchi ikiitwa Sitara. Msiitafute kwenye ramani. Waliochora ramani waliona haya kuitia. Ilikuwa nchi njema, ina mvua zake na mihogo yake, na rais wake alikuwa yule yule tangu wazee wa leo wakiwa vijana. Watu wake walikuwa na adabu, hata kuku wao, ndivyo inavyosemwa, walitaga wameelekea ukutani.

Sasa siku moja Rais alikuwa anakula wali na mama mkwe wake, na redio imewashwa pembeni. Daktari mmoja wa redioni, ambaye angejuaje nani anakula na nani, akaanza kueleza kwa utulivu maradhi yanayowapata wanaume na wanawake katika mambo ya unyumba, na jinsi yanavyotibika. Maungo akayataja kwa majina yake, kama mtu anavyotaja kijiko na sahani. Mama mkwe akapaliwa. Rais akaruka akaizima redio kwa kisigino. Wali ulitoka kooni salama, lakini daktari yule hakusikika tena hewani, na kabla wiki haijakatika ikazaliwa Wizara ya Haya.

Waziri wa kwanza wa Haya alikuwa mtu mnene wa maneno. Alisimama bungeni, akafuta jasho, akasema: "Waheshimiwa, mwili wa Msitara una mipaka kama nchi ilivyo na mipaka. Kuanzia utosini hadi kitovuni, hilo ni eneo la Serikali. Kuanzia magotini hadi kwenye unyayo, hilo ni eneo la wananchi. Hapo katikati hapana kitu. Narudia, hapana kitu. Na kitu kisichokuwapo hakiugui."

Bunge likapiga meza mpaka moja ikavunjika.

Taabu ni kwamba visivyokuwapo viliendelea kuuma. Na wanawake wakaendelea kuzaa, na mkunga lazima aseme mtoto anatokea wapi. Ikabidi litafutwe neno moja safi la kusitiri yote. Wakubwa wakakaa kikao, wakanywa chai, wakala maandazi mpaka yakaisha, neno halijapatikana. Ndipo karani mmoja wa Wizara, Mshamu bin Kitwana, akanyoosha mkono, akasema kwa adabu zote: "Mnaonaje tukiita goti?"

Akaeleza. Goti ni jirani wa pale pasipokuwapo, kwa hiyo mgonjwa hatapotea njia sana. Goti ni kiungo cha heshima. Tunampigia magoti Mungu, tunawapigia magoti wazazi. Hata mama mkwe akilisikia akiwa na tonge mdomoni, litashuka. Waziri alilia machozi. Jioni ile ile Mshamu akafanywa Mkurugenzi wa Maneno Masafi, akapewa kiti cha kuzunguka, na mama yake mzazi akaenda kukitazama.

Basi kila kilichouma baina ya kitovu na miguu kikaitwa goti. Mama akijifungua, majirani walipongezana kwamba goti limefunguka salama. Kijana akipata kisonono, alisema amechubuka goti, na wenzake wakimtania ameangukia wapi. Hata methali za wahenga zilifuliwa zikaanikwa. Ile ya mficha uchi hazai ikaandikwa upya kwenye vitabu vya shule, mficha goti hazai, watoto wakaikariri na wasiielewe. Waliopata tabu ni wenye magoti yanayouma kweli. Golikipa wa timu ya taifa aliteguka goti uwanjani, goti lenyewe hasa, akapiga kelele akilishika, akafungiwa kucheza kwa kutukana mbele ya watazamaji. Toka hapo wenye magoti halisi wakawa wanasema wanaumwa kiwiko cha mguu.

Na ili neno lisije likachafuka, Mkurugenzi Mshamu akapendekeza kila chumba cha daktari kiwe na mtu mwenye firimbi. Akisikia neno chafu, apige. Mtu huyo aliitwa Mlinzi wa Masikio. Wizara ikapitisha, firimbi zikagawiwa, na Mshamu akalala usingizi wa mtu aliyelitendea jema taifa lake.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mshamu alipokuwa mtu mzima wa mvi za pembeni, mwili wake ukaanza kumsaliti pale pale pasipokuwapo. Alimpenda mkewe Mwanahawa, mama wa binti yao Shani aliyekwisha kuolewa. Nyumba ilikuwa imebaki yao wawili, na angalikuwa na raha zake. Badala yake ikawa kila akimsogelea mkewe, mwili unakaa kimya kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia. Mara ya kwanza akasema ni uchovu. Mara ya pili akasema ni joto. Kisha akaishiwa na visingizio, akaanza kuwahi kulala kabla Mwanahawa hajamaliza kuosha vyombo, akaelekea ukutani na kukoroma mkoromo wa uongo. Mkoromo wa uongo unachosha kuliko kulima. Na machozi yakimtoka aliyaacha yaingie masikioni, maana kuyafuta kungemwonyesha kwamba yu macho.

Aibu ile ilimkaa kama nguo mbichi. Ofisini alizunguka na kiti chake akitazama dirishani, akajiona kwamba mwanamume amekwisha, limebaki koti na tai. Atamwambia nani? Na amwambie kwa neno gani? Neno lililobaki katika nchi nzima ni lile alilolitoa yeye mwenyewe, na lilikuwa haliendi popote.

Tena palikuwa na jambo la pili ambalo hakuliunganisha na la kwanza. Alikuwa na kiu. Alikunywa maji kwa kata, kwa jagi, kwa ndoo karibu, na akinywa lazima atoke. Vyoo vya Sitara, kwa amri ya Wizara, vilijengwa mwisho kabisa wa ua ili visisikike. Mshamu akawa anatoka, anarudi, anatoka tena, na simu mkononi ya kumulikia njia. Miguu ikawa inamfa ganzi, na suruali zikaanza kumpwaya.

Mwanahawa aliyatazama haya yote akayajumlisha kwa hesabu ya mke. Mume hamgusi. Mume anakonda. Mume anatoka uani na simu mara kwa mara. Akajua kuna mwanamke, na akajua sababu yake pia, au alidhani anaijua, akaiweka moyoni bila kuitaja. Akaanza kukunja kanga zake moja moja ndani ya sanduku, bila haraka. Mshamu aliliona sanduku linajaa, akawa anazunguka pembeni yake kama mtu anayepita kando ya nyoka.

Mwishowe akaenda hospitali. Alivaa kofia ya kushuka usoni na miwani ya jua, lakini foleni ya goti ilikuwa ndefu imetoka mpaka nje ya geti, na karibu kila mwanamume aliyekuwamo alikuwa na kofia na miwani ya jua. Hakuna aliyemsalimu mwenziwe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Sikudhani, rika la binti yake. Mshamu alitamani ardhi ipasuke. Na pembeni, kwenye kigoda, ameketi Mlinzi wa Masikio, Bwana Ngwali, na firimbi yake shingoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Goti."

"La kulia au la kushoto?"

Mshamu akatazama sakafu. "La katikati."

Ngwali akatia firimbi mdomoni. Akamwangalia mgonjwa vizuri, akamtambua mkubwa wake wa kazi, akaitoa.

Dokta Sikudhani hakucheka. Alikuwa amejifunza kazi yake katika nchi nyingine, na katika nchi hii alikuwa amejifunza kupita pembeni. Akamwuliza kwa upole goti hilo limeanza kulala lini. Mshamu akasema mwaka sasa. Daktari akainama karibu. "Na alfajiri je, mzee wangu? Huwa linaamka lenyewe kabla ya mwenyewe, au hata alfajiri limelala?"

Firimbi ikalia. "Dokta," Ngwali akasema, "goti haliamki alfajiri. Goti si jogoo."

Chumba kikanyamaza, na kwa namna kilivyonyamaza ikawa wazi kwamba Bwana Ngwali ndiye aliyekuwa ametamka neno chafu kuliko yote. Akajipigia firimbi mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Daktari akajaribu njia nyingine. Akauliza juu ya maji anayokunywa, kwa kuwa mdomo umo katika eneo la Serikali. Mshamu akasema anakunywa sana, kiu haiishi. Macho ya daktari yakabadilika. Akauliza: "Na yanayotoka?" Firimbi. Akaomba amtoboe kidole apime sukari. Ngwali akamkumbusha kanuni, kwamba mgonjwa wa goti hapimwi isipokuwa goti. Kanuni ile Mshamu aliifahamu. Ilikuwa na sahihi yake.

Basi Dokta Sikudhani akachukua kinyundo, akamgonga goti, mguu ukaruka. Akamgonga la pili, nalo likaruka. Magoti yalikuwa mazima kama ya mbuzi. Akamfunga plasta ngumu mguu wa kulia, kama kanuni ilivyotaka, huku mikono yake ikifanya kazi kwa hasira. Akimsindikiza mlangoni akamnong'oneza: "Rudi, mzee wangu, uje na mwenzio. Na usinunue unga wa barabarani, nakuomba."

Bila shaka akanunua unga wa barabarani. Pale nje ya geti kulikuwa na gari lenye kipaza sauti likinadi Unga wa Goti, mizizi ya porini, goti la mzee liwe goti la kijana. Mshamu aliunywa wote mara moja na maji vuguvugu. Kilichoamka kilikuwa moyo peke yake. Ulimwenda mbio, jasho likamtoka, dunia ikamzunguka kuliko kiti chake cha ofisini. Alianguka chini ya mti wa mpera na plasta yake mbele, akawa anaomba asife hapo, si kwa kuogopa kufa, ila kwa kuogopa watakachosema watu aliugua nini.

Alipofika nyumbani Mwanahawa aliutazama mguu mweupe.

"Baba Shani, umefanya nini?"

"Goti."

Mwanahawa akacheka kicheko kikavu. "Goti. Naam. Kila mwanamume wa nchi hii akishindwa kusema kweli ni goti." Akafunga sanduku, akalikalia. Akamwambia kwamba kaka yake atakuja Jumapili pamoja na mama, na ikiwa hadi hapo hana la kusema, yeye atatoka nao. Talaka mume atamletea kwa wakati wake.

Jumapili wakaja. Kaka mkubwa, Makame, fundi wa makochi, mtu wa sauti nene, aliingia kwa magongo, mguu umefungwa plasta. Nyuma yake mama mkwe, Bi Kije, mdogo wa mwili, na mkeka wake mwenyewe kwapani. Na kwa kuwa sheria ilitaka kila kikao cha ndoa kihudhuriwe na Mlinzi wa Masikio, akaja Bwana Ngwali na firimbi, naye anachechemea.

Wakatafutiwa mito ya kuwekea miguu. Mshamu akamwuliza shemeji yake ameumia wapi, kiwiko cha mguu? Makame akakohoa, akasema hapana, goti. Hakuna aliyeendelea kuuliza.

Makame akasoma mashtaka kwa kichwa, kama ilivyo kwao. Kwamba dada yao amenyimwa haki yake mwaka mzima. Kwamba mume anatoka uani na simu. Kwamba mwanamke aliyelelewa kwa heshima hawezi kukaa mke wa picha ukutani. Akamtaka shemeji yake amtaje huyo mwingine ni nani, ili watu waagane vizuri.

Mshamu alifungua mdomo. Mbele yake ameketi mama mkwe, na kikombe cha chai mkononi. Akaona wali wa Rais, akaona redio inazimwa kwa kisigino. Akafunga mdomo. Mwanahawa alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kikichora kitu kisichokuwapo juu ya mkeka. Sanduku lilikuwa mlangoni.

Ndipo Bi Kije akaweka kikombe chini.

"Babake huyu Mwanahawa," akasema, "tulimzika mwaka juzi. Mnakumbuka aliugua goti. Alikwenda akafungwa plasta, akarudi akafungwa nyingine. Mwisho mkojo ukaziba, akawa analia kama mtoto, na wakimwuliza wapi anasema goti. Mimi nilijua si goti. Mke anajua. Lakini mke ataanzaje? Siku ya kumwosha, mwoshaji alitoka nje akaniita pembeni. Akaniambia, Bi Kije, mume wako magoti yake yalikuwa mazima yote mawili."

Akakiinua tena kikombe chake.

"Sasa wewe, mwanangu," akasema, "sina umri wa kupaliwa. Sema, nakusikia."

Mshamu akajishika plasta kwa mikono miwili. Uso ulimwiva mpaka masikio.

"Mama, niwie radhi. Si goti. Nguvu zangu za kiume zimenipotea, mwaka sasa. Mwanamke mwingine sina. Hata huyu niliye naye nimeshindwa kumtazama. Nikitoka uani nakwenda kukojoa, basi, nakwenda kukojoa tu. Na neno hili la goti, mama, nililitoa mimi."

Wote wakamgeukia Ngwali. Firimbi ilikuwa tayari mdomoni na mashavu yamejaa. Yakakaa yamejaa, kisha yakanywea taratibu bila kelele. Akaitoa firimbi, akaifuta kwa shati.

"Na alfajiri je?" akauliza kwa sauti ndogo. "Namwulizia ndugu yangu."

"Hata alfajiri," Mshamu akasema.

Ngwali akatikisa kichwa, akawa anautazama mguu wake. Makame naye akawa anautazama wa kwake.

Mwanahawa hakuinua kichwa. Aliinua pindo la kanga kidogo tu, wakaona bandeji. "Nami nilikwenda," akasema. "Nilifungwa wiki iliyopita. Tangu damu ya mwezi inikatikie, mwili umekauka, tendo lenyewe limekuwa maumivu. Nilikuwa nauma meno. Nikadhani umelijua, Baba Shani, ukanikimbia kwa wenye maji yao. Nilitaka kuondoka kabla hujanifukuza."

Bi Kije alimalizia chai yake yote. Hakuna aliyepaliwa.

Asubuhi wakaenda wote kwa Dokta Sikudhani, wakichechemea kama familia moja ya bata. Ngwali alisimama mlangoni, mgongo kwao, akawa anawapigia firimbi ndege. Daktari akamtoboa Mshamu kidole. Sukari ilikuwa juu sana. Ilikuwa inakula mishipa yake pole pole, na mishipa midogo ndiyo ya kwanza kuanguka. "Mwili ulikupigia hodi miguuni na kwenye kiu, hukufungua," akamwambia. "Ukaja kugonga kwenye mlango wa aibu, mzee wangu. Mshukuru." Akampa dawa za sukari, akamkataza soda na chai ya asali, akamwamuru atembee kila jioni. Alisema kipo pia kidonge cha jambo lile lenyewe, lakini kwanza moyo upimwe, na unga wa barabarani asiuguse tena, maana vikikutana vinaua. Mwanahawa akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa kwamba wanawake wengi wa rika lake yanawapata hayo, wala hajakosea popote. Aliposikia hivyo alilia, daktari akamwacha alie. Makame akaingia baada yao peke yake, akafunga mlango. Mwisho akaingia Ngwali, kumwulizia ndugu yake.

Plasta zikakatwa. Nguvu hazikurudi zote, wala hazikurudi upesi. Zilirudi kama mgeni mwenye haya, leo anachungulia, kesho haonekani. Lakini sanduku lilifunguliwa, kanga zikarudi kabatini, na mkoromo wa uongo haukusikika tena katika nyumba ile.

Serikali nayo ilisikia. Mshamu alivuliwa ukurugenzi, kiti cha kuzunguka kikapewa mwingine. Wizara ikatangaza kwa masikitiko kwamba neno goti limechafuliwa na watu wachache wasio na haya, kwa hiyo limefutwa. Toka siku ile Wasitara waliacha kupiga magoti, wakawa wanainama kwa kiuno mbele ya wazee, mpaka ikagunduliwa kiuno kimo katika eneo lisilokuwapo. Na maradhi yote yale yakaamriwa kuitwa bega. Kesho yake foleni ya bega ilifika barabarani, na watu walirudi majumbani mikono imening'inizwa kwa vitambaa. Wachache walipita mlango wa nyuma kwa Dokta Sikudhani, wakakitaja kila kitu kwa jina lake. Ngwali ndiye aliyekuwa akiwaonyesha njia.

Ikaja sikukuu ya Taifa. Rais akahutubia redioni. Mshamu na Mwanahawa walikuwa barazani na chai yao isiyo na sukari, miguu wameinyoosha, wametoka kutembea. Rais akasema kwa sauti ya kutetema: "Wananchi wenzangu, nchi hii tutaijenga bega kwa bega!"

Firimbi zikalia kutoka mji hadi mji. Inasemwa mama mkwe wa Rais alipaliwa tena.

Mwanahawa alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akagonga mkeka kando yake kwa kiganja.

"Baba Shani, sogea."

Akasogea, bado na haya kidogo, kama kijana aliyeletwa kuposa. Bega lake likagusa la mkewe, likatulia hapo, na hapakuwa na mtu wa kupiga firimbi.